Nywele nyeusi zinazoning'inia kijitoni

"Tuko Kilolo, mkoani Iringa. Shamba letu linateremka hadi kwenye kijito, na huko chini kuna kipande cha msitu ambacho babu yake mume wangu hakukifyeka. Mwaka huu tumenunua miche ya parachichi na tunataka kusogea mpaka kule. Wiki hii, mwanzoni mwa Desemba, vibarua wameacha kazi. Wamekuta kitu kimening'inia kwenye tawi juu ya njia ya kuchotea maji, kimo cha kichwa cha mtu: nywele nyeusi ndefu, majani makavu na ukungu, vyote vimeviringwa pamoja, na chini yake mkia mrefu. Mama mkwe anasema hizo ni nywele za mtu na kitu hicho kimetegwa. Alfajiri na jioni hutoka mlio papo hapo, kama honi mbovu ya pikipiki, prrrrr, kisha kimya, kisha tena. Kijana wangu akaingiza kidole kwenye tundu la ubavuni, anasema kuna mayai mawili meupe. Nimemchapa, lakini naambiwa ndege akinusa harufu ya mtu hukimbia moja kwa moja. Huyu ni ndege gani? Nikikihamishia kiota mti mwingine ili tuendelee kufyeka, nitakuwa nimekosea? Na kama ni kungoja, tungoje mpaka lini? Mvua haitusubiri."

Kamwene, dada. Umeniuliza maswali manne kwa pumzi moja, na moja umelificha: kama mna haki ya kupanda kule chini hata baada ya ndege kuondoka. Nitalifikia. Kwanza niwatoe wasiwasi wale vibarua.

Kitu hicho hakikutegwa na mtu. Ni kiota cha domopana, ndege mdogo wa chini ya msitu ambaye watu wengi wa milima ya Udzungwa wamewahi kumsikia na wachache sana wamewahi kumwona. Ni kama shomoro mnene. Mgongo wake ni wa kahawia, kifua cheupe chenye michirizi myeusi, na dume ana kofia nyeusi kichwani. Mdomo wake ni bapa na mpana kuliko unavyotarajia kwa ndege wa kimo hicho, na jina lake limetoka hapo. Hukaa kimya kwenye tawi la chini, hurukia mdudu ghafla, hurudi kukaa. Unaweza kumpita hatua tano usijue kwamba umepita mbele ya kiumbe.

Kuhusu nywele, naomba usimcheke mama mkwe, kwa sababu jicho lake limeona sawasawa. Ni nyeusi, zinang'aa, ni nyembamba na ngumu kama nywele za mkia wa farasi. Ila hazikuota kichwani mwa mtu. Ni nyuzi za uyoga. Kuna jamii ya uyoga wadogo wanaokula majani makavu ya msituni, na baadhi yao hawaishii ardhini. Hutoa nyuzi nyeusi zinazopanda kwenye vichaka, zikinasa majani yanayoanguka kabla hayajafika chini, na kuyala hukohuko juu. Mwite mama asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, mwende naye kwenye vichaka vya pembeni, mbali kidogo na kiota. Mkitafuta kwa subira mtaona nyuzi hizohizo zimetambaa kati ya matawi, na kwenye baadhi yake kumechipuka vimwavuli vidogo kama kichwa cha pini. Nywele ya mtu haioti mwavuli. Nadhani hilo litamtosha kuliko maneno yangu.

Kwa nini ndege achague uyoga wakati nyasi zimejaa? Waliopima nyuzi hizi na kuzilinganisha na nyuzi za mimea wamekuta kwamba za uyoga hunyonya maji kidogo na ni imara zaidi zikivutwa. Fikiria kiota kinachoning'inia kwenye kitawi kimoja kuanzia Novemba, mvua za Kilolo zikishuka. Cha nyasi kitakunywa maji, kitakuwa kizito na kuanza kuoza kabla makinda hawajaota manyoya. Cha nyuzi za uyoga hujikung'uta maji na kukauka. Ndege wengi wa misitu ya joto, Afrika na mabara mengine, wanaijua siri hii. Domopana huongeza majani makavu, vipande vya magome, na zile ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milimani. Huo "ukungu" unaouona nadhani ndio hizo ndevu.

Na ule mkia mrefu wa chini ni sehemu ya hila. Kiota cha mviringo, kisafi, kilichokaa peke yake kwenye tawi kinajitangaza kwa kila nyoka na kila kima apitaye. Lakini bonge chakavu lenye ndevu zinazoning'inia hufanana na takataka iliyonaswa na mafuriko. Ndiyo maana hukipenda kitawi kinachoinama juu ya njia au juu ya kijito, mahali penye uwazi kidogo, mita moja hadi tatu kutoka ardhini. Adui wa kupanda lazima apite kwenye kitawi chembamba kinachotikisika, na ndege aliye ndani atajua kuna mgeni. Tundu liko ubavuni ili paa libaki zima dhidi ya mvua.

Sasa ule mlio. Mimi mwenyewe ulinitesa. Mara ya kwanza kuusikia, nilishinda asubuhi mbili nimeinama kijitoni nikitafuta chura. Niliweka sikio karibu na maji, nikapindua mawe, nikalowa hadi magotini. Asubuhi ya tatu nilikaa tu chini nimechoka, na mbele ya macho yangu ndege mdogo akaruka kutoka kwenye tawi, akazunguka duara la yai lisilofika hata mita moja kwa upana, mgongo ukitoa manyoya meupe kama pamba iliyofichwa, na kurudi kwenye tawi lilelile. Prrrrr ikatoka wakati wa kuzunguka. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Naam, ule si mlio wa koo. Ni mlio wa mabawa. Ulipokuwa mtoto uliwahi kubana jani la unyasi katikati ya vidole gumba viwili na kulipuliza? Jani hutetemeka kwenye upepo na kutoa sauti kali inayovuka bonde. Unyoya wa domopana hufanya vivyo hivyo. Anaporuka mzunguko ule hupiga mabawa kwa namna ambayo upepo huyapitia manyoya marefu ya katikati ya bawa kwa kasi, nayo hutetemeka na kuvuma. Kwa muda mrefu watu walidhani ni manyoya ya nje kabisa, ya ncha ya bawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kamera za kupunguza mwendo, ulionyesha kwamba ni ya katikati. Sauti hiyo husikika hadi kama mita 100. Kwa ndege wa ukubwa huo, ndani ya msitu unaomeza sauti, hilo si jambo dogo.

Anafanya hivyo kuwaambia madume wengine kwamba kona hii ina mwenyewe, na kumwita jike. Alfajiri na jioni ndiyo saa zake, ingawa siku ya mawingu mazito anaweza kuendelea mchana. Kwa hiyo mlio uliousikia na nyuzi ulizoziona ni habari moja: kuna jozi inayozaa hapo, na dume bado analinda eneo.

Tuje kwenye kidole cha kijana wako. Habari ya harufu ya mtu imeenea kila mahali, nami nilifundishwa hivyohivyo na bibi yangu, lakini si kweli. Ndege wadogo wa aina hii hawategemei pua kumtambua adui, na hawaachi mayai kwa sababu yananuka kidole. Kinachowafukuza ni usumbufu: mtu kusimama mbele ya kiota kwa muda, kurudi mara kwa mara, kutikisa tawi, kumulika tochi ya simu ndani. Ndege aliyekatishwa kuatamia mara nyingi, hasa siku za mwanzo ambapo hajawekeza kazi kubwa, huona heri aanze upya kwingine. Na kuna hatari ya pili ambayo watu hawaifikirii. Ukikanyaga majani mpaka chini ya kiota kila siku, unachora njia, na nguchiro hupenda kufuata njia zilizochorwa. Kidole kimoja cha siku moja huenda hakikuharibu chochote. Kama mlio bado unasikika jioni hii, basi uwezekano ni mkubwa kwamba wapo.

Nikwambie pia kinachoendelea ndani, ujue unachongojea. Mayai mawili au matatu ni kawaida yao. Kuatamia huchukua wiki mbili na siku chache. Makinda hutoka uchi, vipofu, hawana lolote la kujitetea isipokuwa kunyamaza. Hulishwa wadudu mpaka waote manyoya, na hata wakishatoka kiotani hubaki kwenye vichaka vya jirani kwa siku kadhaa wakiwafuata wazazi na kuomba chakula. Hicho kipindi cha mwisho ndicho watu hukisahau. Mtu huona kiota ni kitupu, anapiga panga, na makinda wasiojua kuruka vizuri wako mita kumi pale kwenye kichaka anachokifyeka.

Ujue vilevile kwamba viota vingi vya msitu wa joto haviishii vizuri, hata pasipo mtu kuvigusa. Nyoka hula, kima hula, mvua ya mawe huangusha. Ndiyo maana ndege hawa hutaga mayai machache kwa mara moja kuliko ndege wa nchi za baridi, na wakipoteza kiota mapema msimuni hujaribu tena. Nakuambia haya ili usije ukaamka siku moja ukakuta tundu limechanika ukadhani ni laana ya kidole cha mtoto.

Je, kiota kihamishwe? Hapana. Najua unauliza kwa huruma, na wazo linaonekana la busara: tawi likatwe taratibu, lifungwe kwa kamba kwenye mti wa jirani. Lakini ndege hakijui kiota chake kwa sura. Anapajua mahali kilipo. Anarudi na mdudu mdomoni kwenye tawi fulani, upande fulani wa kijito, akipita kati ya matawi aliyoyazoea. Asipokuta kitu pale hatazunguka msitu akitafuta, hata kama umekisogeza mita chache tu. Mayai yatapoa. Na kuacha kichaka kimoja chenye kiota katikati ya sehemu iliyofyekwa ni karibu sawa na kukihamisha: jua litakipiga, kila adui atakiona kutoka mbali, na ndege atakosa matawi ya kuwindia. Nimewahi kuona jambo hilo likifanyika kwa nia njema. Kichaka kilibaki, ndege hakubaki.

Basi ni kungoja. Ukihesabu kutoka siku kijana alipoona mayai, usipeleke panga ndani ya kipande kile kabla ya mwanzo wa Februari. Nimeongeza siku makusudi, kwa ajili ya makinda wa vichakani na kwa ajili ya jozi kuanza upya endapo kiota cha kwanza kitapotea. Kama mlio wa alfajiri bado unaendelea mwishoni mwa Januari, ongeza. Mvua ya kwenu huenda mpaka Aprili. Pandeni sehemu ya juu ya shamba sasa, chimbeni mashimo na kuweka samadi, na miche iliyobaki ikae kitaluni chini ya kivuli.

Hapa sasa ndipo lile swali ulilolificha. Umesema kipande kiko kando ya kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shamba la parachichi ni shughuli ya kudumu hasa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Mwambie mume wako azipime kutoka ukingo wa maji akipanda juu, nadhani atashangaa ni wapi anaishia. Najua mazungumzo haya yana uchungu Iringa. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimelisha watu wa mabonde haya vizazi na vizazi, na mkulima mdogo anapoambiwa atoke bondeni huku akimwona mwenye fedha amevuta bomba hadi mtoni, moyo unakataa. Sikulaumu kwa kukataa. Lakini kwa shamba jipya la miti ya kuishi miaka mingi, itakayodai maji na dawa, nisingekushauri uanze mgogoro ambao utakukuta miche ikiwa imekwisha kuzaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kweli ni huu: eneo la ndani ya mita 60 liacheni kabisa, Februari na miaka yote. Kama kipande cha msitu kinapanda zaidi ya hapo, juu ya mstari huo uamuzi ni wenu, msimu wa kuzaa ukishapita.

Usije ukaambiwa na mtu kwamba domopana atakulipa. Hatakula wadudu waharibifu wa parachichi zako kwa kiasi cha kuonekana kwenye mizani, maana hatoki msituni kuja kwenye jua. Nyuki wanaotengeneza asali kwenye mapango ya miti ya kijitoni watakusaidia zaidi wakati wa maua. Na kijito chenye kivuli hukauka polepole kuliko kilicho uchi, jambo ambalo wewe uchotaye maji unalijua kuliko mimi. Domopana anakaa tu pale. Tatizo lake ni kwamba hana pa kwenda. Ndege wa chini ya msitu hawapendi kuvuka uwazi, hata wa mita mia chache. Kwenye milima ya Usambara, ambayo ni ndugu wa Udzungwa kwa umri na kwa viumbe, watafiti William Newmark na Thomas Stanley walionyesha mwaka 2011 kwamba katika vipande vidogo vya msitu viota vinavyofanikiwa ni vichache kuliko kwenye msitu mkubwa. Kipande kikizidi kupungua, ndege hatoweki siku hiyo. Anaendelea kutaga, anaendelea kupoteza, mpaka mwaka mmoja mlio hausikiki.

Na msidhani kwamba yote ya misitu yenu yameshaandikwa. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa ndani ya misitu ya Udzungwa, upande wenu wa Iringa, walishtuka kuona kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Alikuwa aina mpya ya kwale, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Wapishi walikuwa wanamjua siku zote.

Kuna mambo mawili ambayo yatahitaji mtu afike, si barua. Kwanza, kupima mpaka wa kijito kama hamkubaliani nyumbani au na jirani: nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha afisa mazingira wa wilaya, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji nayo ina ofisi yake Iringa mjini. Pili, kama mtu amekwisha kuangusha mti na kuna makinda hai chini, mwiteni afisa wanyamapori au afisa misitu siku hiyohiyo. Wakati mnamsubiri, kinda asiye na manyoya mrudishe kiotani kwa mkono wako, harufu si hoja. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini hajapotea. Mnyanyue kwenye kichaka na uondoke, mama yake anakuona na anangoja utoke. Usimpe ugali wala maziwa. Watoto hufanya hivyo kwa upendo, na kinda hufa usiku.

Njia ya maji msiifunge. Ndege amejenga juu yake akijua mnapita, na kupita kwa mwendo wa kawaida, ndoo kichwani, hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kusimama na kunyoosha kidole.

Na kijana, usimchape tena. Mpe daftari, akae hatua ishirini kutoka kwenye kiota, jioni moja kwa wiki, ahesabu ni mara ngapi ile prrrrr inatoka kabla giza halijaingia. Aandike na hali ya hewa. Mwishoni mwa Januari nitumie hesabu yake, nitakuambia kama panga litoke stoo au libaki.